Maneno ya Langoni

Hadithi ya Nyamgondho wuod Ombare imeharibiwa na ng'ombe. Nasema hivi kwa heshima zote, nikijua kwamba upande huu wetu wa ziwa, kuanzia Muhuru Bay hadi Kendu Bay, ni vigumu kumpata mtu aliyekua bila kuisikia. Lakini isikilize vizuri inaposimuliwa, kisha uniambie kama si hesabu ya mifugo mwanzo mwisho. Alikuwa hana ng'ombe. Akapata ng'ombe. Akapoteza ng'ombe. Mwalimu anauliza tumejifunza nini, na darasa zima linajibu kwa sauti moja kwamba pombe ni mbaya, kisha kengele inalia na watu wanaenda kula.

Kwa wewe ambaye hukukulia huku, stori yenyewe ni hii. Nyamgondho alikuwa mvuvi fukara wa Gwassi, kwenye ufuo wa Nyandiwa, ambao leo uko Kaunti ya Homa Bay. Siku moja akavuta wavu wake, akaona ni mzito, akafurahi. Kumbe ndani hakuna samaki, kuna mwanamke. Tena si mrembo wa kwenye mabango. Ni mzee, mwenye jicho moja. Nyamgondho alitaka kumrudisha majini, lakini yule mama akamwomba amchukue nyumbani. Akamchukua. Kulipokucha boma lilikuwa limejaa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Maskini wa jana akawa tajiri wa leo, akaoa wake wengine, akawa mtu wa kualikwa kila penye pombe. Usiku mmoja akarudi amelewa chakari, akakuta lango limefungwa. Akaanza kupiga kelele na kumtukana yule mke wa kwanza, akimkumbusha kwamba yeye ndiye aliyemtoa ziwani. Mke hakubishana. Akatoka akaelekea majini, na mifugo yote ikamfuata, wakazama pamoja. Nyamgondho akabaki ufukoni ameegemea fimbo yake, akageuka mti. Wenyeji wa Nyandiwa hukuonyesha mahali, na alama kwenye mwamba wanazosema ni za kwato.

Wasimulizi hutofautiana. Kuna wanaosema mke aliondoka usiku uleule, wengine asubuhi. Kuna wanaomfanya Nyamgondho amsihi arudi, na wengine wanaomfanya awakimbilie ng'ombe tu. Lakini kuna kitu kimoja ambacho sijasikia msimulizi yeyote akikibadilisha, nacho ni kile kilichomfanya mke aondoke.

Hebu tazama. Pombe haikuanza usiku ule. Nyamgondho alikuwa akinywa siku nyingi, na mke akavumilia. Kuoa wengine hakukuanza usiku ule pia, na bado mke akakaa. Alikaa na mlevi, akakaa na mume aliyetumia mali yake kulipia mahari ya wenzake. Kama hadithi ingekuwa inahukumu ulevi au tamaa, ingekuwa imeshamaliza kazi mapema. Hadithi inangoja mpaka langoni. Inangoja sentensi moja. Mwanamke huyu hakuondolewa na tendo lolote la mumewe; aliondolewa na maneno. Sasa sisi tumewezaje kuisimulia miaka yote hii na kulaumu busaa?

Angalia pia hayo maneno yenyewe ni ya aina gani. Nyamgondho hasemi kwamba mkewe ni mvivu au mchafu, matusi ya kawaida ya mlevi. Anasema nilikutoa ziwani. Maana yake, bila mimi wewe si kitu. Na hapa ndipo pananivutia, kwa sababu yeye mwenyewe anajua ni uongo. Kila ng'ombe katika boma lile alikuja na huyo mwanamke. Heshima anayopewa kwenye karamu, kiti anachokalia, hata pombe iliyomjaa kichwani, vyote chanzo chake ni mtu aliyefungiwa ndani ya lile lango. Anayestahili kusema nilikutoa mahali ni mke, na hajawahi kusema. Mume ndiye anayehitaji kusema, tena usiku, tena kwa sauti ambayo majirani watasikia. Mimi simsomi kama mtu mwenye kiburi. Namsoma kama mtu aliyeishi miaka mingi akijiona mdogo ndani ya nyumba yake, asijue pa kulipeleka hilo jambo, mpaka pombe ikamfungulia mlango, wakati mlango wa kweli ulikuwa umefungwa.

Jibu la mke nalo ni la ajabu. Anamchukua mumewe kwa neno lake. Unasema ulinitoa ziwani? Basi, narudi ziwani.

Najua kuna msomaji atasema ninalazimisha mambo ya sasa kwenye hadithi ya zamani, ati Nyamgondho hakuwahi kukaa na mshauri wa ndoa na hajui kujithamini ni nini. Sawa. Lakini pita Migori mjini leo uone kama sentensi yake imezeeka. Ingia kinyozi chochote kule Oruba, keti, ungoje zamu yako. Mada ya wanawake haikosi. Utasikia jamaa anasema nilimtoa kwao hata sanduku hakuwa nalo. Mwingine anasema nilimsomesha, sasa anajiona. Huyo wa kusomesha namjua kidogo. Ada alilipa kweli, muhula mmoja. Pikipiki anayoendesha ilinunuliwa na mkopo wa chama cha mke, na mke ndiye muuguzi mwenye mshahara. Kinyozi chote kinajua. Hakuna anayemwambia. Wanatikisa vichwa kama vile ni yeye aliyevuta wavu.

Hii ndiyo sababu naona hadithi imekaa pale ufukoni inapofaa. Kwenye fuo zetu, Sori na Muhuru upande wa Migori, Mbita na Nyandiwa upande wa Homa Bay, kuna neno jaboya ambalo hata mtoto analijua. Mama mchuuzi anataka samaki, mvuvi ndiye mwenye samaki, na ili apate wa kuuza anakuwa mwanamke wa huyo mvuvi. Watafiti wa afya wameandika juu ya jaboya miaka nenda rudi kwa sababu ya ukimwi, na Homa Bay bado ni kati ya kaunti zenye maambukizi mengi zaidi nchini. Wanaandika juu ya miili, na lazima waandike. Ila jaboya ina upande wa maneno pia. Mwanamke anayepata samaki kwa njia hiyo anaishi akiwa amesimama langoni kwa Nyamgondho kila asubuhi, kwa sababu wakati wowote anaweza kuambiwa bila mimi ungekula nini. Sasa weka hadithi kando ya hayo. Hadithi imegeuza kila kitu. Mvuvi ndiye anayelishwa, mwanamke ndiye ziwa lenyewe. Ni kama mtu fulani zamani alikaa akajiuliza ufuo huu ungekuwaje kama mali ingetoka upande wa pili, kisha akagundua kwamba mume angetukana vilevile. Kwa hiyo tusi halikutokana na kuwa na mali. Lilikuwa na mizizi mahali pengine.

Ajabu ni kwamba hatukosi lugha ya kusifiana. Sisi ni watu wa pakruok. Kama hujawahi kuiona, nenda penye benga usiku wa wikendi, Rongo au Homa Bay mjini, au kwenye nyatiti penye matanga ya watu wanaojua mambo. Wimbo uko katikati, mtu anainuka, anatoa pesa, mwanamuziki ananyamazisha nyuzi zake na kumpa nafasi. Yule mtu anajitaja. Mimi mtoto wa fulani, ninayefanya hivi na hivi, ninayempenda nyar Kadem, msichana ambaye akipita hata jua linasogea. Watu wanashangilia, muziki unarudi, mwingine analipa kumzidi. Mtu analipa ili ajisifu na amsifu mpenzi wake mbele ya umma, na hakuna anayemwona mshamba. Na benga yenyewe imejaa majina ya wanawake. Okatch Biggy, miaka ya 1990, alimpa Helena wimbo mzima, na hata kichwa cha wimbo kinataja macho makubwa ya Helena. (Jicho moja la mke wa Nyamgondho halikuwahi kupata hata ubeti.)

Naipenda pakruok, na yeyote anayeidharau sikai naye meza moja. Lakini nikiisoma pamoja na hii hadithi napata wasiwasi. Nyamgondho alikuwa anatoka wapi usiku ule? Penye pombe, yaani mahali pale pale ambapo mtu hujisifu. Inawezekana kabisa kwamba saa mbili kabla ya kufika langoni alikuwa amesimama mbele ya watu akijiita dume la Gwassi, mwenye ng'ombe wasiohesabika. Labda hata mkewe alimtaja kwa sifa. Kisha akatembea gizani kuelekea nyumbani, na ule ukubwa wote ukawa unapungua hatua kwa hatua, kwa sababu nyumbani kuna mtu mmoja anayejua ng'ombe wametoka wapi. Sifa zetu tumezipa ulimbo wa umma. Zinanata pale palipo na spika na mashahidi. Siku hizi spika imehamia simu: mtu anamwekea mpenzi wake status tatu siku ya kuzaliwa kwake, mioyo kibao, na huyo mpenzi amekaa chumba hicho hicho tangu asubuhi hajaambiwa hata umeamkaje. Sisemi status ni uongo. Nasema ile sauti ya chini, ya watu wawili bila mashahidi, hatujaitungia wimbo.

Na hapo kuna hadithi nyingine inayotuziba mdomo, na hii nina ugomvi nayo zaidi. Lwanda Magere. Yeye si wa kwetu hasa, ni shujaa wa Kano, lakini stori yake ilivuka zamani, na nimeisikia Migori mara nyingi kuliko ya Nyamgondho. Mwili wake ulikuwa jiwe, mikuki ilimgonga ikaanguka. Maadui zake Wanandi walipochoka walimpa binti mrembo awe mkewe. Akaugua. Akamwambia huyo mke amchanje kwenye kivuli, si kwenye mwili, na damu ikatoka kivulini. Mke akatoroka na siri hiyo hadi kwao. Vita vilivyofuata walikipiga kivuli mkuki, na Lwanda Magere akafa akawa jiwe kweli.

Fundisho tunalolivuna hapo linatolewa kwa vijana kama dawa: usimwambie mwanamke siri yako. Mjomba analisema kwenye harusi, rafiki analisema ukimwambia umeanza kumpenda mtu. Kijana anapojenga simba yake na kuanza kuitwa mwanaume, hili ni kati ya mambo ya kwanza anayokabidhiwa. Usionekane umechoka, wala usiseme unaogopa. Ukiwa huna pesa, zima simu mpaka uwe nazo.

Huo ni usomaji mbaya. Huwezi kuichukua stori ya kijasusi ukaifanya mwongozo wa mapenzi. Yule binti alitumwa. Ndoa ile ilikuwa mtego wa vita tangu siku ya kwanza, na aliyeukanyaga ni shujaa aliyepokea zawadi kutoka kwa adui bila kuuliza. Kama kuna somo, ni la ukaguzi wa zawadi. Lakini kuna kitu kingine ambacho wasimulizi hupita mbio. Lwanda Magere alikuwa mgonjwa. Mwanaume wa jiwe alilala chini, na njia ya pekee ya kupona ilikuwa kumwonyesha mtu mahali panapouma. Asingesema, asingechanjwa. Hadithi haisemi kwamba angeweza kunyamaza akapona. Inasema hata aliyeumbwa jiwe alikuwa na sehemu laini, na kwamba sehemu hiyo ilihitaji mkono wa mwingine. Sisi tumechukua nusu ya usaliti tukaiacha nusu ya ugonjwa.

Zisome hizi mbili pamoja uone zinavyoshikana. Kijana anafundishwa na Lwanda Magere, kama tunavyomsimulia, kwamba akisema ameishiwa nguvu atauawa. Basi hasemi. Anaajiriwa, anafutwa, hasemi. Mke anapata kazi, yeye hapati, na kimya kinaendelea. Miaka inapita, kile asichokisema kinachacha ndani, na usiku mmoja kinatoka kikiwa kimebadilika sura: nilikutoa kwenu. Kabla ya kuwa tusi, nadhani sentensi ya langoni ilikuwa ungamo lililokosa pa kwenda. Naogopa kwamba bado unanihitaji, au naogopa kwamba hunihitaji. Nyamgondho angelisema hilo mapema, akiwa hajalewa, mbele ya yule mzee wa jicho moja aliyeomba tu kupelekwa nyumbani, sijui angejibiwa nini. Hadithi haitupi nafasi ya kujua.

Fasihi yetu iliyoandikwa imejaribu kuitoa hiyo nafasi, na wengi wenu mlilazimishwa kuisoma kwa mtihani wa kidato cha nne. Katika riwaya ya Margaret Ogola ya mwaka 1994, The River and the Source, Akoko wa Yimbo anaolewa na chifu Owuor Kembo wa Sakwa kwa ng'ombe 30. Tena ng'ombe! Lakini Ogola ana akili. Anaihesabu mahari mwanzoni, kisha anaiacha nyuma na kukaa na watu. Owuor anakataa kuoa mke mwingine ingawa ni chifu na kila mtu anamtarajia aoe. Mama yake hapendi, maneno yanakuwa makali, na Akoko anarudi kwao Yimbo. Jambo linazungumzwa, na anarudi kwa mumewe. Kwa hiyo hapa pia kuna mwanamke mwenye uwezo aliyeambiwa maneno akaondoka, ila huku kuna mtu wa kumfuata na kuna njia ya kurudi. Lawama yangu kwa Ogola ni kwamba Owuor ni mwema mno. Hatumwoni sana akiyumba, akijiuliza watu wanamwonaje, chifu mwenye mke mmoja mwenye akili kumliko. Ningetaka usiku mmoja wa kitabu hicho ambapo Owuor anamwambia Akoko kwamba leo wazee wamemcheka, na imemuuma.

Okot p'Bitek, mwaka 1966, alifanya kinyume chake katika Song of Lawino. Mume anamtukana mke kwamba ni mshamba, na mke anachukua kitabu kizima kumjibu. Waacholi ni ndugu zetu kwa lugha, kwa hiyo nikimsoma Lawino huwa namweka kando ya mke wa Nyamgondho. Mmoja anasema hadi anammaliza mume. Mwingine hasemi kitu. Na nimegundua kwamba wanafunzi wengi humpenda Lawino ilhali huyu wa ziwani hawana la kusema juu yake, kana kwamba si mhusika, ni mlango wa ghala tu.

Kama kuna mfano wa sauti ya chini niliyokuwa nikiitafuta, umo nje ya hadithi kabisa. Grace Ogot alieleza kwamba mumewe, mwanahistoria Bethwell Ogot, ndiye aliyemsukuma aandike. Alikuwa amesoma barua alizomwandikia kabla hawajaoana mwaka 1959, akamwambia kuna ushairi ndani yake. Mtu mmoja akisoma barua za mtu mmoja, hakuna mashahidi. Mwaka 1966 riwaya yake The Promised Land ikatoka. Sitaki kumpa mume sifa za vitabu vya mke, maana hayo ndiyo makosa ya langoni yenyewe. Grace ndiye aliyeandika. Lakini kuna aliyeona, akasema, tena mapema.

Turudi Gwassi. Unajua huku mwanamke hutajwa kwa kwao: nyar Karachuonyo, nyar Kanyamkago, nyar Kadem. Hata kama mumewe ni nani, anabaki binti wa mahali, na hilo peke yake ni namna ya heshima, kumbusho kwamba alikuwa mtu kabla hajafika hapa. Huyu angeitwa nyar nam, binti wa ziwa, na lingekuwa jina zuri kuliko yote. Katika masimulizi niliyokulia hakuna anayemwita hivyo. Mume ana jina na ana la baba yake. Mke ana jicho moja. Kwa hiyo hata katika yale masimulizi ambapo Nyamgondho anakimbia hadi ufukoni na kupaza sauti kuyaelekea maji, mimi hushindwa kuelewa alikuwa anapaza sauti kusema nini. Ng'ombe angeweza kuwaita, kila ng'ombe ana jina.

Nilimuuliza dani wangu, miaka mingi iliyopita, huyo mama aliitwa nani. Alikuwa anachambua omena. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa ziwa lina milango mingapi.

"Nyakwara, si alikuwa mke wa Nyamgondho?"